Gari ya kuwachukua uwanjani Zanzibar mkiwa na mtu wa kiti cha magurudumu: jinsi ya kuipanga mapema

Familia nyingi za Dar zikipanga kwenda Zanzibar likizo ya mwezi wa sita au wa kumi na mbili, tiketi zinakatwa, hoteli inalipiwa, watoto washanunuliwa nguo za kuogelea, afu suala la gari ya kutoka uwanjani linaachwa mpaka siku mbili kabla maana kila mtu anajua pale nje gari zipo. Na ni kweli zipo. Ila kama mama au baba au mtoto wenu anatumia kiti cha magurudumu basi hiyo gari ndo inapangwa mwanzo, hata kabla ya hoteli, kwa sababu hoteli ni nyingi na ndege ni nyingi, lakini gari ambayo mtu ataingia bila kunyanyuliwa kama gunia la mkaa mbele za watu lazima uitafute kwa makusudi. Nimechukua Zanzibar maana ndo safari ninayompangia mama yangu, ila mambo mengi ni yale yale hata ukienda Mwanza au Mombasa.

Kabla hujapiga simu yoyote kaa na mwenye kiti mwenyewe umuulize anavyotaka kuingia kwenye gari. Najua inaonekana kitu kidogo lakini unakuta familia nzima imeshapanga, kaka ameshasema "mimi na dereva tutambeba", na mhusika hajaulizwa chochote, na yeye hapendi kubebwa, au anaumia bega akishikwa kwapani, au tu anaona aibu na hasemi. Muulize mambo matatu tu. Anaweza kusimama sekunde chache akishikiliwa? Kama hawezi kusimama, anaweza kuhama kwa kuteleza kutoka kwenye kiti chake kwenda siti iliyo karibu usawa mmoja? Au inabidi abaki kwenye kiti chake hicho hicho safari nzima? Majibu hayo ndo yanakuchagulia gari, na hayo hayo ndo utayatumia kwa watu wa ndege, kwa sababu wao wana herufi zao maalum (code) za kuandika aina ya msaada: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila umbali mrefu hawezi, WCHS hawezi ngazi ila ndani anajikongoja mpaka kwenye siti, na WCHC ni mtu ambaye hatembei kabisa, anahitaji msaada mpaka kwenye siti yake. Mkikata tiketi hakikisheni code sahihi imeingizwa, na wapigieni tena walau masaa 48 kabla ya safari kuthibitisha.

Sasa gari. Kitu ambacho watu wengi wanafanya ni kukodi Hiace kwa sababu wanawaza mtu mwenye kiti anahitaji nafasi kubwa. Nafasi ni kweli inahitajika, ila siti za Hiace ziko juu. Siti ya mbele imekaa juu ya injini, huku nyuma kuna ngazi, afu mlango wenyewe unataka uiname na kupanda kwa wakati mmoja, kwa mtu ambaye miguu haina nguvu hapo hakuna namna zaidi ya kubebwa. Kiti cha magurudumu cha kawaida, sehemu ya kukalia iko kama sentimita 50 kutoka chini, na siti ya mbele ya gari ndogo kama Premio au Allion iko karibu na kimo hicho hicho. Kwa hiyo kwa mtu anayeweza kuteleza au kusimama kidogo, gari ndogo ya kawaida ni rahisi kuliko basi lolote. Kodi mbili tu, ndogo ya mama na mtu mmoja wa kumsaidia, na Noah au Hiace ya watoto na mabegi. Bei inapanda kidogo lakini mnafika wote mkiwa na amani.

Nieleze inavyokuwa kwa mama yangu ili muone vitu vinavyohitajika. Dereva anasimamisha gari sehemu tambarare, sio ukingoni mwa barabara ambapo gari imelalia upande wa mtaro. Mlango wa mbele kushoto unafunguliwa mpaka mwisho, siti inarudishwa nyuma kabisa na kiegemeo kinalazwa kidogo. Kiti cha magurudumu kinasogezwa mshazari mpaka kiguse siti, breki zote mbili zinafungwa, vikanyagio vya miguu vinatolewa, na ule mkono wa kiti wa upande wa gari unatolewa pia. Tunaweka ubao wa kuhamia, yani kipande cha mbao kilichopigwa msasa kikawa laini, mwisho mmoja chini ya paja lake na mwingine juu ya siti, na juu ya ubao tunatandika kanga. Mama anainamisha kichwa mbele asijigonge kwenye paa, anajisukuma kidogo kidogo, mimi nimesimama mbele yake nashika kiunoni tu asije akateleza, akishakaa vizuri ndo miguu inaingizwa mmoja baada ya mwingine. Mlango haushikwi hata siku moja, maana mlango unacheza. Ni dakika chache tu, na dereva mzuri ni yule ambaye hapo hapo hapigi honi wala hasemi "tumnyanyue tu dada tuwahi". Kama hamjawahi kufanya hivi fanyeni mazoezi nyumbani na gari ya jirani, na kama mnaweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia, pale CCBRT Msasani kwa mfano au hospitali ya mkoa wenu, awaonyeshe, maana mgongo wa anayesaidia nao unaharibika.

Kwa yule ambaye lazima abaki kwenye kiti chake, hasa wa kiti cha umeme, kazi ni kubwa zaidi lakini inawezekana. Nchi yetu imejaa magari yaliyotumika Japani, na Japani viwanda vinatengeneza matoleo maalum ya magari haya haya kwa ajili ya watu wenye ulemavu na wazee, kwa Toyota yanaitwa Welcab. Kuna Noah na Voxy ambazo rampu, yani ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, inafunguka kwa nyuma, kuna Hiace yenye lifti ya nyuma inayomnyanyua mtu na kiti chake, na kuna zile ambazo siti inazunguka inatoka nje ya mlango inashuka chini kabisa, mtu anakaa afu inamrudisha ndani. Mengine yanafika huku kwetu kama magari ya kawaida na mwenye nayo anayapigia debe la abiria bila kujali kile kifaa. Kwa hiyo ukiongea na madereva usiulize tu "una gari ya walemavu", wengi watasema hamna. Uliza "unamjua mtu mwenye Noah ya rampu ya nyuma, au yenye siti inayoshuka nje?" Mmoja atakwambia kuna jamaa anayo. Akipatikana omba video kifaa kikifanya kazi, kishushwe na kipandishwe mwanzo mwisho, kwa sababu lifti ambayo haijaguswa muda mrefu inaweza kugoma siku mnayoihitaji. Na mpime urefu wa mtu wenu akiwa amekaa kwenye kiti, kutoka sakafuni mpaka utosini, afu mwambie dereva apime mlango wa nyuma wa gari yake na futi. Kuna gari kiti kinaingia ila kichwa hakipiti.

Ukiambiwa "tutaweka mbao" kataa. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 kutoka chini na ubao una mita mbili, huo mlima ni mkali sana, kiti kinaweza kupinduka kwa nyuma na kiti cha umeme chenye betri kinaweza kuzidi kilo 100, hakuna mtu wa kukizuia kikianza kurudi.

Ndani ya gari kiti kinaelekea mbele, hakikai kwa pembeni, na kinafungwa na mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, kwenye fremu ya chuma sio kwenye matairi wala vikanyagio. Mtu mwenyewe anafungwa mkanda wa gari, unaopita kwenye nyonga na begani. Ule mkanda mdogo wa kwenye kiti ni wa kumsaidia kukaa sawa, gari ikifunga breki ghafla haumzuii. Kamba za kufungia mizigo sio mikanda. Kama gari haina hivyo vitu na mtu wenu anaweza kuhamia siti hata kwa shida, ahamie siti, kiti kikunjwe kiwekwe nyuma. Na wengine watakupa wazo la kukodi ambulensi. Mimi silipendi, mama yangu haumwi, anaenda likizo na wajukuu zake, na ndani ya ambulensi watamlaza aangalie dari wakati wenzake wanaangalia mikarafuu njiani.

Haya, sasa namna ya kuagiza. Ukipiga simu hotelini ukasema tuna mtu wa kiti cha magurudumu utajibiwa "hakuna shida". Aliyejibu hana nia mbaya, ila yupo mapokezi, gari sio yake na hajui mlango wake ukoje. Mwambie asante, afu omba namba ya dereva mwenyewe atakayekuja. Kama hotelini hawana wa uhakika, ulizia kwa watu wa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, wao wanaishi na hili jambo kila siku na wanajua nani ana gari gani. Ukishampata dereva ongea nae kwa simu kwanza, salamu zote, mueleze kwa utulivu, afu baada ya hapo umuandikie WhatsApp ili kila kitu kibaki kwenye maandishi. Kitu kama hiki:

"Assalaam alaykum kaka, ni mimi tulioongea asubuhi. Tunatua Ijumaa saa nane na nusu mchana, yani 14:30. Tupo sita, wakubwa wanne na watoto wawili, mabegi makubwa manne. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu, hawezi kusimama, anahamia siti ya mbele kwa kuteleza na ubao, ubao tunao. Kiti kinakunjwa, kikikunjwa kina upana sentimita 35, urefu 80, kimo 90, uzito kilo 18. Tunahitaji gari ndogo ambayo siti ya mbele haiko juu, pamoja na Noah ya wengine. Naomba picha ya gari yenyewe itakayokuja, mlango wa mbele ukiwa wazi na siti imerudishwa nyuma, na picha ya buti likiwa wazi. Tunaenda Paje, kurudi uwanjani Jumatatu saa nne asubuhi. Niambie bei ya yote pamoja na muda wa kusubiri, kianzio nikutumie leo. Shukran."

Saa niliandika kwa namna mbili makusudi, maana tiketi inasema 14:30 na ukisema "saa nane na nusu" bila kufafanua unaweza ukakuta mtu amekuja saa ya tiketi na mwingine saa ya Kiswahili. Na neno "gari yenyewe" msilitoe, kwa sababu mara nyingi unakubaliana na mmoja anakuja mwingine na gari nyingine kabisa, ilishawahi kutokea kampuni moja ikatuma Coaster kumchukua mtu mmoja wa kiti eti ndo kubwa kuliko zote walizonazo. Waambie wazi kwamba gari ikibadilika wakupigie kabla, na usilipe yote mpaka mfike.

Huku Dar nako msisahau, maana kutoka nyumbani mpaka uwanja wa Julius Nyerere nayo ni safari. Gari nyingi za kuita kwa simu ni IST na Passo, buti zake ndogo, na siku hizi nyingi zimefungwa gesi, ule mtungi umekaa kwenye buti kiti hakiingii hata kikikunjwa. Muulize dereva kabla hajaja, "buti lako lina mtungi?" Akisema ndio, mshukuru uite mwingine. Na angalieni kwenye tiketi mnaondokea jengo namba ngapi, yale majengo hayako karibu kiasi cha kusukuma kiti.

Kuhusu ndege nitasema machache. Zile ndege ndogo za abiria kumi na kitu zina mlango mwembamba, ngazi zake ni finyu na zinaruhusu mizigo midogo, mara nyingi kilo 15 na mabegi laini. Kiti cha umeme hapo hakiingii. Ndege kubwa kidogo kama ATR au Q400 zinabeba kiti, ila kupanda bado ni kwa ngazi, hivyo ulizeni uwanja wa kuondokea na wa kushukia wote wana kifaa cha kunyanyua au wanatumia nini. Kiti cha umeme waambieni aina ya betri na namba ya Wh (watt-hour, kipimo cha nguvu inayobebwa na betri) iliyoandikwa juu yake, betri ya lithiamu inayotolewa haitakiwi kuzidi 300 Wh na inaingia nayo ndani ya ndege, haiendi kwenye mizigo. Kiti chochote kile, mto wa kukalia na vikanyagio na kitu chochote kinachochomoka viwekeni kwenye begi mpande navyo, na ombeni kiti kiletwe mlangoni pa ndege mkishuka, kisipelekwe kwenye mkanda wa mizigo. Safari ya Zanzibar ni dakika ishirini hivi angani kwa hiyo choo mmalize uwanjani, choo cha ndege ndogo hakifai na zingine hazina kabisa.

Wanaopenda boti waulize maji. Daraja la kupandia botini linaweza kuinama zaidi au kidogo kutegemea maji yamejaa au yamekupwa, kwa hiyo wapigie wenye boti uwaulize saa gani ni nafuu kwa kiti, na pale bandarini Malindi dereva asogee karibu kadri atakavyoruhusiwa.

Kuna kipande watu hawakifikirii, ni zile mita za mwisho. Barabara kubwa ya kwenda Paje au Nungwi ni lami, lakini kutoka lami kuingia hotelini mara nyingi ni njia ya mawe ya matumbawe na mashimo, na gari ndogo niliyoisifia hapo juu iko chini. Muulize dereva kama anaijua hiyo njia, hasa masika, na mwambieni aende taratibu, mtu ambaye hana hisia miguuni hajui anapogongwa na anaweza kupata kidonda. Afu ulizeni hoteli: gari inafika wapi, na kutoka hapo mpaka chumbani ni saruji au mchanga? Mchanga wa pwani unameza matairi membamba ya mbele. Wakisema mchanga, ombeni chumba cha karibu na maegesho, au wasogeze mbao na mikeka migumu kabla hamjafika. Mkilala Mji Mkongwe ni jambo jingine, gari haipiti kwenye vichochoro, mtashushwa Forodhani au Darajani au popote palipo karibu na kusukuma kiti kwenye mawe yasiyo sawa, na nyumba za zamani zina vizingiti virefu vya milango. Ombeni picha ya mlango wa kuingilia, kizingiti kionekane.

Siku ya kufika mtu mmoja wa familia atangulie nje na simu amtafute dereva, wengine wabaki ndani kwenye kivuli na mwenye kiti. Wapokeaji pale nje ni wengi na kila mtu atataka kukamata mpini wa kiti asukume, wengi kwa wema kabisa, waambie kwa heshima "asante kaka, tunae mtu wetu". Kiti kikitoka kwenye ndege kikagueni hapo hapo, breki, matairi, fremu, kabla hamjaondoka uwanjani, maana malalamiko yanaandikwa mkiwa bado pale. Gari ikifika onyesheni dereva hatua za kuingia kabla hamjaanza, ajue yeye anasimama wapi na anashika nini.

Wa Mombasa kuna jambo moja la kuongeza. Uwanja wa Moi uko bara na Diani iko kusini ya kivuko cha Likoni, kwa hiyo mwambieni dereva mapema apite barabara ya Dongo Kundu ili msikwame kwenye foleni ya feri na mtu amekaa kwenye joto. Na kiti kikiharibika mkiwa huko, karakana ya Bombolulu wanatengeneza viti vya magurudumu, ulizieni hapo kabla hamjakata tamaa ya likizo.

Ya kurudi ipangeni siku ile ile mnapofika, kabla dereva hajaondoka hotelini. Dereva huyo huyo, gari hiyo hiyo, maana ameshaona mama anaingiaje na hamtaanza kuelezana upya alfajiri mna haraka. Ongezeni nusu saa juu ya muda ambao mngeondoka kama mngekuwa wote mnatembea, mpigieni jioni kabla kumkumbusha, na muulize kama yuko tayari namba yake muwape wengine, kwa sababu kuna familia nyingine wiki ijayo inatafuta gari ya hivyo hivyo na haijui ianzie wapi.